Puli ya supachaja ya asilimia 15 kwenye MINI Cooper S: tathmini kwa wenye gari wa Mtwara na Lindi

Hukumu kwanza, kwa ajili ya mwenye gari ambaye boneti iko wazi na fundi anasubiri jibu. Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda ili kusukumia injini hewa zaidi, na puli ya asilimia 15 ni iliyopunguzwa kipenyo kwa kiasi hicho ili iizungushe kwa kasi zaidi. Ya chuma, ya kipande kimoja, tunaipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ya alumini yenye ukubwa huohuo inapata tatu. Za asilimia 17 na 19 hazifai kwa joto la Pwani ya Kusini, hivyo hatuzipi alama. Hata hiyo ya nyota nne na nusu ni hasara tupu ikifungwa kwenye supachaja ambayo mafuta yake hayajaguswa tangu gari litoke kiwandani Oxford.

Gari tunalozungumzia ni Cooper S ya kizazi cha kwanza, iliyoundwa 2002 hadi 2006. Kiwandani iliitwa R53, na yaliyotoka Japani huandikwa RE16 kwenye karatasi zake. Ile ya kufunguka paa, R52, iliendelea na supachaja hadi 2008. Usiamue kwa kuangalia tundu la hewa juu ya boneti, kwa sababu Cooper S iliyofuata nayo inalo, lakini ni pambo tu; ile inatumia tabo na puli hii haina pa kukaa. Cooper ya kawaida na MINI One za miaka hiyo hazina supachaja kabisa. Wapo walioagiza puli wakati gari lao ni One iliyobandikwa herufi ya S nyuma, kwa hiyo fungua boneti uone: kama intakula (kipozeo cha hewa inayoingia kwenye injini) imelala juu ya injini na mkanda unapanda kwenye puli ndogo upande wa kulia, kwa dereva, hapo ndipo penyewe.

Injini ni ya Tritec, cc 1598, iliyotengenezwa Campo Largo nchini Brazili. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na mgandamizo ni 8.3 kwa 1. Mgandamizo huo ni wa chini makusudi, ili injini ipokee hewa ya kusukumwa bila kugonga. Supachaja ni Eaton M45, na hiyo 45 ni inchi za ujazo wa hewa inayosukumwa kwa kila mzunguko mmoja, karibu lita 0.74. Injini ilitoka na nguvu za farasi 163, ikapanda hadi 170 baada ya maboresho ya 2004. Zile za John Cooper Works, toleo la MINI lenye nguvu zaidi, zilifika 200 na baadaye 210. Kiwanda chenyewe kiliziwekea puli iliyopunguzwa asilimia 11, pamoja na rota (mapanga yanayosukuma hewa ndani ya supachaja) zilizopakwa tefloni na silinda hedi iliyorekebishwa. Kwa hiyo kupunguza puli si ubunifu wa vijiweni. Kiwanda kilitangulia.

Sasa hesabu, maana wauzaji huipita haraka. Asilimia 15 ni upungufu wa kipenyo cha puli. Puli ikibaki na asilimia 85 ya kipenyo chake, mizunguko inakuwa 100 gawanya kwa 85, yaani 1.176. Supachaja itazunguka kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 18, si 15. Puli ya 19 inaongeza zaidi ya asilimia 23. Wauzaji wengine huita “15” ongezeko la kasi, wengine upungufu wa kipenyo, na hizo ni puli mbili tofauti. Omba kipenyo kwa milimita kabla ya kulipa, na boksi likifika pima mwenyewe kwa vernia.

Ongezeko hilo linapandisha msukumo wa hewa kutoka takriban ba 0.8 (ba ni kipimo cha shinikizo) hadi karibu ba 1. Kwa gari zima lenye plagi sahihi, tarajia farasi 10 hadi 15 za ziada kwenye magurudumu. Anayekuahidi 30 kwa puli peke yake anauza tangazo. Utakachokisikia zaidi ni kwamba gari halisubiri tena kati ya mizunguko 3,000 na 4,500, ile sehemu unayoihitaji ukitaka kulipita lori la korosho kwenye mwinuko huku gari jingine linakuja kwa mbali.

Kompyuta ya gari inaukubali msukumo huo bila kuandikwa upya. R53 haina sensa ya kupima ujazo wa hewa inayoingia. Inasoma shinikizo na joto la hewa, kisha inakadiria petroli. Ndani ya kiwango cha puli ya 15 sensa hizo bado zina nafasi. Injekta za kawaida zinakuwa zinakaribia mwisho wa uwezo wake, ndiyo maana anayepanga kuendelea mbele hununua za John Cooper Works, za cc 380. Kwa puli ya 15 peke yake hazihitajiki.

Chuma au alumini

Hapa tunatofautiana na maandishi mengi ya Ulaya, kwa sababu ya vumbi na joto.

Alumini ni nyepesi na inang'aa. Lakini shafti ya supachaja ni ya chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Pua ya supachaja ikichemka, tundu la puli ya alumini linatanuka kuliko shafti iliyomo ndani yake, na mshiko unapungua. Puli iliyochongwa kwa vipimo vya kubana haina shida. Iliyochongwa kwa kubahatisha huanza kutembea taratibu kuelekea nje, mkanda unapoteza mstari, na siku moja unakuta mbavu zimechanika. Kuna puli za alumini zenye kitovu cha chuma katikati zinazokwepa tatizo hilo, ingawa zinaleta boliti ndogo za kulegea. Kisha kuna vumbi. Ukipita mara kwa mara barabara za vumbi za uwanda wa Makonde, mchanga unakaa kwenye mifereji ya puli na kuisaga kama msasa. Mfereji wa alumini ukishachongoka, unakula kila mkanda mpya unaoufunga.

Chuma kina kasoro moja kubwa huku kwetu, ambayo ndiyo imeipunguzia nusu nyota: kutu. Gari likilala wiki mbili Shangani au Mikindani, hewa ya chumvi inaweka utando mwekundu kwenye mifereji, na ukiwasha injini mkanda unapiga kelele. Chagua puli iliyopakwa oksidi nyeusi au nikeli. Isiyopakwa, isipakwe rangi ya kopo. Rangi ikijaa kwenye mifereji mkanda hautakaa. Washa injini kila baada ya siku chache, inatosha.

Usikubali pia ushauri wa kupeleka puli ya zamani kwa fundi wa kukereza aipunguze. Mifereji ya mkanda wa mbavu, unaoitwa PK, ina umbali wa milimita 3.56 kutoka ubavu hadi ubavu na pembe ya digrii 40. Mashine nzuri na kisu sahihi vinaweza, lakini ukuta wa puli unabaki mwembamba, na kitu hicho kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na mguu wa dereva.

Kilichomo kwenye boksi

Seti nzuri inakuja na puli na mkanda mfupi. Nyingine zinaongeza plagi. Zenye puli tupu zina bei ndogo ya kuvutia, halafu unagundua mkanda wa zamani haufai. Sababu ni rahisi: puli ikipungua kipenyo kwa milimita 10, na mkanda ukiwa unaikumbatia karibu nusu ya mduara, milimita 15 hivi za mkanda zinabaki bila kazi. Tenshena, yaani kikaza mkanda, inajaribu kuzimeza, inafika mwisho wa mwendo wake na kukaa hapo. Ukikanyaga mafuta hadi chini mkanda unateleza, msukumo unashuka, na unajiuliza mbona gari limekuwa zito kuliko kabla ya puli.

Mkanda ni wa 6PK, yaani mbavu sita, na namba inayofuata ni urefu wake kwa milimita. Soma urefu ulioandikwa kwenye mkanda ulio kwenye gari, ukilinganisha na wa seti. Kama tofauti ni chini ya milimita 10 au zaidi ya 20, muulize muuzaji kabla ya kufungua chochote.

Plagi zilizotoka na gari ni NGK BKR6EQUP. Kwa puli ya 15 weka baridi zaidi kwa hatua moja: BKR7EQUP, au BKR7EIX za iridiamu zikiwa na pengo la milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi ya moto wa kawaida hubaki na ncha nyekundu, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati, na sensa ya kugonga inaiambia kompyuta irudishe cheche nyuma. Matokeo yake unapoteza farasi zilezile ulizonunua.

Maelekezo yaliyomo ndani mara nyingi yameandikwa na Wamarekani. Wanaposema “upande wa abiria” wanamaanisha kulia. Kwenye magari yetu kulia ndiko kwa dereva. Injini haijageuzwa, kwa hiyo mkanda uko kulia daima. Fundi asiyejua hilo anaweza kufungua gurudumu la kushoto na kutafuta mkanda upande wa giaboksi.

Supachaja ichunguzwe kwanza

Hiki ndicho kipengele ambacho kingetosha kuamua ununue au uache.

Supachaja ya R53 ina vyumba viwili vya mafuta visivyounganika na mafuta ya injini. Cha mbele, upande wa puli, kinalainisha gia zinazofanya rota mbili zipishane bila kugusana. Cha nyuma kinalainisha gia zinazozungusha wota pampu. Ndiyo, wota pampu ya gari hili haiendeshwi na mkanda moja kwa moja. Inaendeshwa na mkia wa supachaja. Chumba cha nyuma kina mafuta kidogo sana, na miaka ikipita yanakauka. Gia zinalika, meno yanaisha, na siku moja maji yanaacha kuzunguka. Kipimo cha joto kinapanda, gasketi ya hedi inafuata.

Ukifunga puli ndogo, wota pampu nayo inaongezewa kasi kwa asilimia 18 ileile. Pampu nzima inafaidika, maana maji yanatembea haraka gari likiwa kwenye foleni ya kivuko au linasubiri mzani. Gia kavu inamalizwa upesi. Supachaja ya miaka ishirini isiyo na kumbukumbu ya mafuta ni bora uihesabu kuwa kavu.

Ukaguzi wa haraka: toa mkanda, zungusha puli kwa mkono. Inatakiwa iende laini, na uzito kidogo wa rota. Ikikwaruza, ikikwama sehemu moja kila mzunguko, au ikicheza juu na chini ukiitikisa, usiweke puli mpya. Gari likisimama huku injini ikiunguruma, sauti ya kusaga kutoka mbele ya supachaja ni beringi au gia. Maji ya rangi yaliyokauka chini ya supachaja ni wota pampu inayoaga.

Kubadilisha mafuta ya vyumba vyote viwili kunataka supachaja itoke, na ili itoke, sehemu ya mbele ya gari yenye rejeta inavutwa mbele. Hiyo ni kazi ya siku nzima. Mafuta yanayotakiwa ni ya supachaja, yale yanayouzwa na GM kwa chupa ndogo za mililita 118 hivi. Chupa mbili zinatosha. Nyonya ya zamani kwa bomba la sindano, laza supachaja sawasawa, jaza hadi yaguse ukingo wa tundu. Mafuta ya gia ya kawaida yanatoa povu kwa kasi ile, hivyo yasiingie humo. Onyo dogo: harufu ya hayo mafuta ya zamani ni ya kukimbiza watu, fanyieni kazi nje.

Supachaja ikishatoka, badilisha wota pampu na oringi zake bila kujadiliana. Puli itafungwa mezani, kwa raha, badala ya ndani ya gari. Kwa hesabu yetu hii ndiyo njia bora kwa mtu wa Mtwara: safari moja, kila kitu kwa mpigo mmoja.

Kufunga bila kutoa supachaja

Kama mafuta yalishabadilishwa na supachaja ni nzima, kazi inachukua saa tatu hadi nne.

Injini iwe imepoa kabisa. Inua upande wa kulia mbele, weka stendi, toa gurudumu. Linashikwa na boliti, si nati, soketi ya 17. Toa plastiki ya ndani ya matairi. Sogeza tanki la maji ya ziada pembeni, taratibu, kwa kuwa ni la plastiki na maungio yake hupasuka kwa uzee. Likionyesha mstari mweupe au ukungu wa maji yaliyokauka, liandike kwenye orodha ya kununua.

Weka jeki chini ya sampo (bakuli la mafuta ya injini) ikiwa na ubao mpana, uguse tu bila kuinua. Fungua mauntini (kishikilia injini) ya juu ya kulia. Mauntini hii ina majimaji ndani, na ikiwa imevuja utaona weusi wa mafuta kwenye mwili wa gari. Ukishaifungua, shusha au inua injini kidogo kidogo hadi puli ya supachaja ipate nafasi ya kuingiza pula (kifaa cha kung'olea puli). Kila sentimita, tazama mabomba ya AC na ya maji. Hayo hayajui kwamba umeamua kushusha injini.

Tenshena ina springi kali na kizuizi cha majimaji. Ibane kwa wenzo wake maalumu, kisha chomeka pini kwenye tundu la kufungia. Kutumia bisibisi ndefu kwa mahesabu ya macho kumeshavunja vidole. Mkanda ukitoka, kagua vitu vitatu hapohapo: beringi ya aidla (puli inayouongoza mkanda tu), kizuizi cha tenshena kama kinavuja, na puli kubwa ya krankishafti. Hii ya mwisho ina raba katikati ya pete mbili, na raba ikichoka pete ya nje inajitenga. Chora mstari kwa chaki kutoka kitovu hadi ukingo. Ukiwasha gari baadaye na mstari ukakatika pande mbili, puli hiyo imekwisha.

Kabla ya kugusa puli ya supachaja, pima umbali kutoka uso wake hadi kwenye pua ya supachaja. Andika namba hiyo ukutani ukitaka. Puli mpya lazima mifereji yake ikae mstari mmoja na ya zamani. Tofauti ya milimita moja inatosha kuufanya mkanda upige filimbi na kula ubavu wa pembeni.

Puli ya zamani imebanwa kwa nguvu, haina nati wala boliti. Pula ya miguu mitatu ya kawaida inashika ukingo, ukingo unapinda au unavunjika, na baada ya hapo hakuna tena pa kushika. Inatakiwa pula ya pete mbili nusu zinazokumbatia nyuma ya puli, bamba la mbele, na boliti ya katikati inayosukuma shafti. Zinauzwa nje, na bei yake inaweza kukaribia ya puli yenyewe. Fundi mzuri wa kukereza hapa Mtwara anaweza kuichonga kwa chuma kigumu akipewa puli ya mfano na muda wa siku moja. Weka tone la mafuta ya kupenyeza, kaza boliti kwa spana ya mkono, pumzika, kaza tena. Italia mara moja kama risasi na kuanza kutoka. Kuichokonoa kwa mtaimbo dhidi ya pua ya supachaja ni kutafuta supachaja nyingine.

Kuingiza mpya: safisha shafti kwa kitambaa kilicholowa spiriti, toa kutu kwa msasa laini sana. Puli ya kupasha moto iwekwe kwenye oveni ya umeme hadi kati ya nyuzi 180 na 200 za selisiasi, dakika ishirini hivi, joto lipenye hadi katikati. Kwa tundu la milimita 20, chuma kilichopanda nyuzi 170 kinatanuka karibu milimita 0.04. Nafasi ni ndogo namna hiyo. Maji yanayochemka hayafiki hapo, na moto wa gesi wa kuchomelea unapasha upande mmoja na kupindisha tundu. Jiko la mkaa tumeliona likitumika, puli ikiwa ndani ya sufuria ya mafuta ya kupikia. Inawezekana ukiwa na kipimajoto, na ni hatari usipokuwa nacho.

Vaa glovu nene za ngozi, iweke kwenye shafti kwa mwendo mmoja hadi kwenye kina ulichopima. Una sekunde chache. Ikikwama njiani usiigonge kwa nyundo, maana kila pigo linapita kwenye beringi na kusogeza rota zinazopishana kwa nafasi ya unywele. Itoe kwa pula ikiwa bado ya moto, pasha upya. Ikishakaa, weka kitambaa chenye maji juu ya pua ili joto lisifike kwenye oili sili.

Puli nyingine huingizwa kwa baridi kwa kutumia kifaa cha kusukuma kinachokuja na seti. Hizo ni rahisi kwa mazingira yetu na tunazipendelea, mradi kifaa kiegemee shafti na si ganda.

Rudisha mkanda, hakikisha mbavu zote sita zimekaa kwenye kila puli: krankishafti, kompresa ya AC, altaneta, supachaja, aidla, tenshena. Kosa la kawaida ni mkanda kuruka mfereji mmoja kwenye altaneta, ambako macho hayafiki. Pitisha kidole.

Baada ya kuwasha

Mwendo wa kwanza uwe wa kwenda Mikindani na kurudi, bila kukanyaga hadi mwisho. Simama, zima, tazama mkanda. Safari ya Lindi, takriban kilomita 100, ndiyo kipimo cha pili. Ukirudi pima tena kile kina cha puli kwa vernia. Namba ikibadilika hata nusu milimita, puli inatembea na lazima itoke.

Unga mweusi kuzunguka mkanda maana yake mstari hauko sawa. Filimbi ya asubuhi inayonyamaza baada ya dakika ni unyevu au kutu ya juu. Filimbi inayokuja ukikanyaga mafuta ni mkanda mrefu au tenshena iliyochoka. Gari likisukuma na kuachia, kama mtu anayekuvuta shati kwa nyuma, angalia vali ya kupitisha hewa ya supachaja, huwa inakwama. Msukumo usiofika ba 1 huku mkanda uko sawa, kagua raba mbili za pembeni mwa intakula. Zinachanika chini, mahali pasipoonekana.

Nguvu ikipungua baada ya kukanyaga mara tatu mfululizo mchana wa Novemba, hakuna kilichoharibika. M45 inasukuma hewa bila kuigandamiza ndani yake, na tabia ya aina hiyo ni kuipasha sana. Intakula imelala juu ya injini ya moto na inategemea upepo wa kupitia boneti. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 33, na ukitoka kusimama, haina cha kupoozea. Hapa ndipo puli za 17 na 19 zinapoharibu mambo: joto linapanda haraka kuliko faida, kompyuta inarudisha cheche nyuma, na unakuta gari lenye puli ya 19 linapitwa na la 15.

Petroli nayo iwe ya kituo chenye wateja wengi. Ya madumu ya kando ya barabara, ikichanganywa hata kidogo na mafuta ya taa, inashusha okteni, na injini yenye msukumo mkubwa inaanza kugonga kabla hujafika kijiji kinachofuata.

Gharama na vipuri

Puli tupu nje huuzwa kwa kawaida kati ya dola 100 na 200. Ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, kisha kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam. Mikanda ya 6PK inapatikana maduka ya spea ya Mtwara mjini kwa urefu wa kila namna, kwa sababu magari mengi ya Kijapani yanaitumia. Nenda na namba, si na jina la gari. Plagi za BKR7 agiza mapema.

Mkanda wa akiba wa urefu uleule mfupi ukae kwenye buti. Kwenye gari hili mkanda ukikatika, altaneta na wota pampu vinasimama kwa pamoja, na kusogea hata kilomita tano hadi Mingoyo ni kuua hedi. Kisha andika urefu huo kwa kalamu ya rangi chini ya boneti, kwa maandishi makubwa: fundi atakayekuja baada yako atafungua katalogi, atasoma urefu wa kiwandani, na kununua mkanda mrefu.